Mdogo wangu kapata kazi duka la bunduki Marekani, sheria inalazimisha afunzwe?

Maweni_Malindi: Asalaam alaykum wana Pwani. Mdogo wangu yuko Illinois, kapata kazi ya kaunta duka la bunduki nje kidogo ya Chicago. Huyu amekulia hapa Malindi, bunduki aliyozoea kuona ni ya askari wa benki tu, sasa mama halali, anauliza kwani huko hakuna sheria ya kumfunza mtu kwanza ama unaajiriwa leo kesho unampa mteja silaha? Anayejua atujuze.

MBajuni_Ughaibuni: Waalaykum salaam. Serikali kuu haimlazimishi muuzaji kusomea usalama wa bunduki, inambana mwenye duka kwa leseni na ukaguzi wa mnunuzi basi, mengine kila jimbo na yake. Illinois wana sheria tangu 2019, anayeuza awe ametimiza miaka 21, awe na kadi ya FOID, yaani kibali cha kuwa na bunduki kinachotolewa na polisi wa jimbo, na kila mwaka apate mafunzo si chini ya masaa 2. Ila hayo masaa zaidi ni mambo ya sheria, nani umuuzie, utamjuaje anayemnunulia mtu aliyekatazwa, kufunzwa kushika bunduki ni shauri la duka. Lakini kubwa kuliko yote, yuko na makaratasi gani? Kama ni viza ya mwanafunzi akae mbali kabisa, wenye viza za muda wengi wamekatazwa hata kuigusa na hiyo ni jinai, atafungwa kisha arudishwe.

Maweni_Malindi: Ana green card, alishinda ile lotari.

MBajuni_Ughaibuni: Hapo sawa, aombe FOID mapema.

Mkomani_Lamu: Mimi nilikuwa polisi rizavu huku Lamu, ndugu yangu mwambie asingoje sheria. Amwombe tajiri wake amuweke na mzoefu kabla hajasimama kaunta peke yake. Bunduki ikirudishwa na mteja aihesabu ina risasi hata kama ameitoa kabatini mwenyewe sasa hivi. Magazini, kile kisanduku cha risasi, itoke kwanza, ndio akoki aangalie chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na atie kidole, maana mtu akikoki magazini ikiwa ndani anaingiza risasi nyingine na yeye yuajiona ameitoa. Mtutu usimwelekee mtu, triga asiiguse. Tajiri akikataa kumfunza hayo aiwache hiyo kazi.

Maweni_Malindi: Shukran sana, nishamtumia yote haya na mama nimemsomea. Mdogo wangu asema tajiri hajamtajia mafunzo yoyote, ataanza kwa kumuuliza hilo.