Cheti cha kuzaliwa Turkana: mtoto wa miaka mitano aliyezaliwa nyumbani, tuanzie ofisi gani?

Mjomba_Loki
Wadau, hamjambo. Mpwa wangu alizaliwa nyumbani, nje kidogo ya Lokichoggio. Mwaka ujao anaingia Gredi ya 1 na shule inataka cheti cha kuzaliwa. Huyu anasema twende kwa MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti), yule anasema kwa msimamizi wa wadi, mwingine tupande gari moja kwa moja hadi Lodwar, makao makuu ya kaunti. Mama ana kitambulisho na kijitabu cha kliniki kipo. Naombeni ushauri.

Tarafani
MCA na msimamizi wa wadi ni watu wa kaunti, waache. Kaunti ina zahanati, chekechea, maji na leseni za biashara. Vyeti vya kuzaliwa viko chini ya serikali kuu, sawa na vitambulisho na pasipoti. Barua ya msimamizi wa wadi hata iwe na muhuri mkubwa vipi, karani wa usajili atairudisha.

Anzeni kwa naibu wa chifu wa kata ndogo alikozaliwa mtoto. Kama sasa anaishi Kakuma, bado mnarudi Loki.

Kalamu_Nyeusi
Naongezea. Uzazi usiposajiliwa ndani ya miezi sita, unahesabiwa umechelewa, na ushahidi unaodaiwa unaongezeka. Bebeni barua ya chifu inayotaja kata ndogo, tarehe ya kuzaliwa na majina kamili ya wazazi, nakala za vitambulisho, kadi ya ubatizo kama ipo, na hicho kijitabu.

Kijitabu ndicho chenye uzito. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 huandikwa tarehe siku ileile, kwa hiyo zinaonyesha mtoto alikuwa ameshazaliwa lini. Barua ya chifu iliyoandikwa miaka mitano baadaye haina nguvu hiyo.

Sasa, kinachokwamisha wengi ni majina. Kitambulisho cha mama kinasoma Nakiru, muuguzi aliandika Akiru, chifu naye akaandika alivyosikia. Kwa karani hao ni wanawake watatu. Laza karatasi zote mezani, linganisha herufi kwa herufi. Zikitofautiana, pateni hati ya kiapo kwa wakili kabla ya kuomba. Kurekebisha cheti kilichokwisha kuchapwa ni kazi nyingine kabisa.

Mjomba_Loki
Asanteni sana. Wazazi hawajafunga ndoa. Jina la baba litaingia?

Tarafani
Linaweza kuingia. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha sheria kilichokuwa kikizuia hilo. Ila usitegemee mama kutaja jina tu likaandikwa. Baba aende mwenyewe na kitambulisho chake. Kama amekwenda mbali kuchunga mifugo, heri mngoje arudi kuliko kuacha nafasi yake wazi mkidhani mtaijaza baadaye.

Shikamoo_Karani
Kabla ya safari ya Lodwar (ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Loki), ulizeni kwa naibu kamishna wa kaunti kama makarani wa usajili wana ratiba ya kuja huko kwenu. Wakati mwingine huja, na tangazo hupitia kwa chifu.

Ada hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, paybill 222222. Mtu akikupa namba yake binafsi "aharakishe", hapo umeliwa.

Na kwa kuwa Loki iko karibu na mpaka wa Sudan Kusini, jiandaeni kwa maswali. Mzee wa kijiji anayemfahamu mama aandamane nanyi kwa chifu.

Kalamu_Nyeusi
Shule nayo isimfungie mtoto mlango. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa elimu ya msingi bila malipo, na ni ya lazima. Mwonyesheni mwalimu mkuu risiti ya maombi, cheti kitafuata.

Nakala za kijitabu zipigwe kurasa mbili: yenye jina la mama na ya chanjo. Halisi ionyeshwe tu kisha mrudi nayo, kliniki bado itaihitaji.