Naombeni ushauri: meno ya mbele yanaoza, ni vitamini gani imepungua?

Tumaini_Jipya (mleta uzi)
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa haraka maana hata usingizi siupati. Kuna mtu wangu wa karibu sana, meno yake ya mbele yanaharibika. Yalianza na alama nyeupe kama chokaa pale karibu na fizi, sasa zimekuwa kahawia na jino moja limeanza kumeguka pembeni. Maji baridi yanamsumbua, na akipigwa mswaki fizi zinatoa damu. Nimesoma sehemu kwamba ni upungufu wa kalsiamu au vitamini. Swali langu ni moja tu: nimtafutie ipi, na inachukua muda gani kufanya kazi? Nina wiki tatu. Msiniambie "nenda hospitali", hilo nalijua.

BabuChenga
Damu kwenye fizi? Vitamini C hiyo, mjukuu wangu. Zamani mabaharia walikuwa wakikaa baharini miezi bila matunda, fizi zinavimba, meno yanalegea, vidonda vya zamani vinafunguka upya. Mwaka 1747 daktari wa meli ya Kiingereza, James Lind, alichukua wagonjwa 12 akawagawa wawiliwawili, kila jozi na dawa yake: siki, maji ya bahari na vituko vingine. Jozi iliyopewa machungwa na malimau ikainuka ndani ya siku chache. Cha ajabu, jeshi lao la majini halikuanza kugawa maji ya limau mpaka 1795. Karibu miaka hamsini watu wanakufa na jibu liko kwenye makaratasi. Mpe machungwa.

Shoka_Bila_Mpini
"Nina wiki tatu." Huyo mtu anaoa au anaolewa?

Kiatu_Kimoja
Mimi fizi zilinitoa damu mwaka mzima nikabadilisha miswaki kama nguo. Siku nimekwenda kung'oa jino, daktari akaangalia kinywa, akaniuliza kama nakojoa sana usiku. Nikamwambia wewe ni wa meno au wa kibofu? Akanituma nipime sukari. Ilikuwa juu vibaya sana. Kumbe kisukari kinaharibu fizi, na fizi zenye maambukizi nazo zinafanya sukari iwe ngumu kushuka, kila kimoja kinamchochea mwenzake. Mpeleke akapime sukari.

MamaPacha
Ni kalsiamu, mimi nilipokuwa na mimba ya hawa wangu walinimaliza meno mawili. Watoto wanachukua kwa mama.

Jino_la_Pembe
MamaPacha, hawachukui kwenye meno. Mimba inafanya fizi ziwe nyepesi kuvimba, kutapika kunaleta asidi mdomoni, na mtu anakula vitu vidogovidogo kila saa. Hapo ndipo meno yanapoondoka. Jino likishaota halihifadhi kalsiamu ya kuazimisha mtu, na kidonge hakiwezi kuziba tundu.

Babu, kiseyeye, huo ugonjwa wa mabaharia wako, kipo kweli, ila hakitoboi jino. Fizi nyingi zinatoa damu kwa sababu ya utando wa bakteria usiosafishwa.

Mleta uzi, mimi kazi yangu ni vinywa vya watu. Nijibu hili tu: ni meno yapi hasa? Ya juu, ya chini, au yote?

Tumaini_Jipya
Ya juu, manne ya mbele. Ya chini yako safi kabisa, ndiyo maana nashangaa.

Jino_la_Pembe
Kalsiamu ikipungua haichagui ghorofa ya juu ikaacha ya chini. Huyo mtu wako wa karibu ana umri gani?

Tumaini_Jipya
Umri unahusiana vipi na vitamini?

Shoka_Bila_Mpini
Haya, kumekucha. Ngoja nivute kiti.

Jino_la_Pembe
Unahusiana sana, dada. Jibu.

Tumaini_Jipya
Ana miaka miwili na miezi minne.

MamaPacha
Subhanallah. Mtoto! Sisi hapa tunampa mimba na kisukari.

Jino_la_Pembe
Nilihisi. Anayelala na chupa mdomoni, ulimi unafunika meno ya chini, na matezi ya mate yako hapohapo chini ya ulimi. Ya juu yanabaki yameloa kinywaji usiku kucha, tena wakati ambao mate yenyewe yamepungua, maana mtu akilala mate yanapungua sana. Ganda la meno ya utoto nalo ni jembamba. Kwenye chupa mnaweka nini?

Tumaini_Jipya
Juisi na maji, na kijiko kimoja cha asali. Kabla hamjanirukia: juisi naikamua mwenyewe, sukari siweki hata punje, na asali ni dawa, kila mtu anajua. Nilianza kumpa alipofika mwaka na nusu, kwa hiyo ile habari ya watoto wachanga msiniletee. Bila chupa halali, na mimi saa kumi alfajiri niko njiani kwenda kazini. Nilale saa ngapi?

Nyuki_Mkali
Ndiyo wazazi wa siku hizi. Mtoto anafungwa mdomo kwa chupa ili mama ashike simu. Sisi tulilelewa.

MamaPacha
Nyuki, wewe ulishawahi kumbembeleza mtoto usiku mmoja tu, au ulikuwa unalala chumba cha pili na kusema "mbona analia"?

Nyuki_Mkali
Ukweli unauma.

Jino_la_Pembe
Tuacheni hayo. Dada, kuhusu asali umefanya vizuri kusubiri, chini ya mwaka mmoja ina hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Ila kwa meno, asali ni sukari. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 lilihesabu asali na juisi ya matunda, hata ya kukamua nyumbani, katika kundi moja na sukari ya kijikoni. Tunda zima halimo. Likikamuliwa, sukari inatoka kwenye nyumba yake na kuogelea moja kwa moja mdomoni.

Unasema kijiko kimoja. Kiasi kina uzito wake, ila hapa kinachoua ni muda. Bakteria wakipata sukari wanatoa asidi ndani ya dakika chache, na kipimo cha pH (kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) kikishuka chini ya takriban 5.5 ganda la jino linaanza kupoteza madini. Mate yanahitaji kama nusu saa, pengine saa nzima, kurudisha hali. Anayefyonza tone, akasinzia, akafyonza tena, hiyo nusu saa haiji mpaka asubuhi. Kule Uswidi miaka ya 1940 walilithibitisha kwa njia ya aibu, kwa kuwalisha tofi za kunata watu wenye ulemavu wa akili ambao hawakuulizwa ridhaa yao. Sukari ndani ya mlo ilileta madhara kidogo. Tofi kati ya mlo na mlo ziliyamaliza meno.

Halafu jambo jingine: mchana anakula?

Tumaini_Jipya
Kidogo sana. Nilidhani ni ukorofi.

Jino_la_Pembe
Tumbo limejaa juisi, na kung'ata kunamuuma. Hapo ndipo jino linapogeuka kuwa suala la mtoto kupungukiwa uzito na damu.

Tumaini_Jipya
Lakini si meno ya utoto? Yatang'oka tu. Nimeshaagiza matone ya kalsiamu na vitamini D, nilitaka kujua dozi. Kliniki siwezi kwa sasa. Naomba mniheshimu kwenye hilo.

Kiatu_Kimoja
Kuagiza umeagiza, uamuzi umeshafanya, sisi unatuuliza nini?

Jino_la_Pembe
Hayo manne yanang'oka akiwa na miaka sita, saba, nane. Magego ya utoto yanakaa mpaka kumi hadi kumi na mbili. Unamwambia asubiri miaka mitano na maumivu. Na usaha ukishuka kwenye mzizi unaweza kuharibu jino la ukubwani linalotengenezwa chini yake. Ukiona uso umevimba au homa, ni siku hiyohiyo, hakuna cha wiki tatu.

Kalamu_Nyekundu
Samahanini wadau, mimi nasoma kwa kalamu mkononi. Mtoto wa miaka miwili kamwambiaje kwamba maji baridi yanamsumbua? Mwanzo "mtu wangu wa karibu", sasa chupa na asali. Nimefukua nyuzi zake: mwaka jana mwanzoni aliandika hapa, kwa herufi zake, "mimi sina mtoto na sina haraka". Mtoto wa miaka miwili na miezi minne ametokea wapi? Hii ni chai.

Shoka_Bila_Mpini
Chai ya moto kabisa. Jino la Pembe kaandika kurasa tatu kwa mtoto wa hewani.

BabuChenga
Na mimi na mabaharia wangu.

Nyuki_Mkali
Nilijua tu.

Jino_la_Pembe
Angekuwa anatunga, asingejua kutenganisha meno ya juu na ya chini. Hiyo haijui mtu ambaye hajaangalia.

Kalamu_Nyekundu
Au kasoma pale alipojifunza "alama nyeupe kama chokaa".

Tumaini_Jipya
Maji baridi: akipewa anageuza uso na kushika mdomo. Ndivyo nilivyojua.

Na ni kweli sina mtoto wa kuzaa. Ni wa dada yangu. Mimi ni mama yake mdogo, na Kiswahili chenyewe kinasema mtoto wa dada ni mwanangu, kwa hiyo sijadanganya mtu. Dada yuko nje kikazi, ameniachia akiwa na mwaka na miezi minne. Anarudi baada ya wiki tatu. Tukipiga simu ya video namkalisha mtoto mbali na taa. Kliniki wataniuliza mzazi yuko wapi na meno yamekuwaje, na mimi nitasema nini? Chupa nilianzisha mimi. Alikuwa analia usiku mzima akimtafuta mama yake, wiki mbili mfululizo.

MamaPacha
Pole, mdogo wangu. Hilo ndilo ungelianzia.

Kiatu_Kimoja
Mpigie dada yako leo. Mimi sukari yangu nilimficha mke wangu miezi mitatu, hasira yake haikuwa ya sukari.

Jino_la_Pembe
Kliniki hatutafuti mshtakiwa. Mlezi anatosha kumleta. Zile alama ambazo bado ni nyeupe zinaweza kurudi kuwa ngumu. Mashimo madogo kuna dawa yenye madini ya fedha na floraidi (madini ya kukaza meno) inayopakwa bila kuchimba, itasimamisha uozo ila itaacha weusi, nakwambia mapema usije ukashtuka. Kwa usiku, maji matupu. Ukishindwa kwa mkupuo, zidisha maji kila baada ya siku chache mpaka yabaki maji. Mswaki asubuhi na kabla ya kulala, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele, unampiga wewe. Damu isikutishe, ukiacha ndiyo fizi zitavimba zaidi. Matone usimpe dozi ya mtandaoni, nenda nayo wakuambie.

Tumaini_Jipya (siku nne baadaye)
Usiku wa tatu wa maji matupu. Jana aliitupa chupa ukutani, akaamka mara nne. Leo mara mbili. Asubuhi amekula yai zima. Kliniki ni Alhamisi. Kwenye fomu pameandikwa "mzazi au mlezi", nikakaa nimeshika kalamu mpaka yule dada wa mapokezi akaniuliza kama sijui kuandika. Dada yangu bado sijamwambia. Nitamwambia Alhamisi jioni, nikishajua wamesema nini.

Kalamu_Nyekundu
Mimi bado nasema chai. Ila Alhamisi uje utuambie.

Shoka_Bila_Mpini
Angalau sasa ni chai isiyo na sukari.