Naomba ushauri: MGB ya 1970, kutu chini ya milango

Wakuu, habari za leo. Naishi Coventry, na gereji yangu ni banda la nyuma ya nyumba. Mwaka jana nilinunua MGB ya wazi ya 1970, gari dogo la michezo la Kiingereza, yenye bampa za kromu, injini ya 1798 cc na kabureta mbili za aina ya SU. Injini haina shida. Imetulia tangu nilipoongeza oili kwenye kabureta na kuzisawazisha.

Shida ni kutu. Nilipochokoa chini ya milango, bisibisi ilizama hadi mpini. Gari hili halina chesisi ya peke yake. Mabati yale ya ubavuni ndiyo uti wa mgongo wake, na kwa kuwa halina paa, ukiyakata ovyo bodi inalegea katikati na milango haifungi tena. Aliyelitengeneza kabla yangu alibandika bati jipya juu ya kutu. Nimelibandua lote, na roho iliniuma kuona kilichofichwa humo.

Nimepanga kuchomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, kisha nifanye upande mmoja kwanza. Je, gari likae kwenye magurudumu yake au juu ya stendi? Kama ni stendi, niziweke wapi? Na mlango niuache mahali pake ili nipime nafasi, au niutoe?

Aliyewahi kuifanya kazi hii, tafadhali anieleze hatua kwa hatua. Gari hili nalipenda sana, sitaki kukata kabla sijaelewa.