Naomba ushauri: kubadili breki za dramu kwenda diski, Land Cruiser FJ45 pikapu

Wakuu habari za majukumu, nipo Kigoma hapa Mwanga, nina FJ45 ya 1974, breki za dramu (shuu zinatanuka ndani ya ngoma) matairi yote manne, injini haina shida kabisa. Tatizo breki. Nabeba mawese kutoka Manyovu na ile barabara ni milima tu, ukishuka na mzigo ukakanyaga kanyaga breki zinapata moto, pedo inaenda chini halafu unasikia harufu ya breki shuu zinaungua, hapo ni gia namba mbili na dua. Mvua ikinyesha ndo balaa zaidi, maji yakiingia kwenye dramu gari linavutia kushoto utadhani linataka kwenda Burundi lenyewe.

Sasa nataka kufunga diski mbele, nyuma dramu zibaki. Kuna spea za mtumba za Land Cruiser 60, nako (kile kipande cha mwisho wa eksel kinachogeuka na tairi), habu, diski na kalipa zake (zile zinazobana pedi kwenye diski), fundi anasema zinaingia kwenye eksel yangu. Ila anataka kuacha masta silinda (ile pampu inayosukumwa na pedo) ya zamani, mi hapo ndo nagoma, maana masta ya dramu inakuwa na valvu inayobakiza presha kidogo kwenye paipu, si pedi zitakuwa zinagusa diski muda wote? Halafu kalipa zinahitaji mafuta ya breki mengi kuliko silinda za dramu.

Aliyefanya hii kitu, masta nichukue ya 60 na busta yake (ile inayoongezea nguvu mguu kwenye pedo)? Na rimu zangu za zamani zitapita kwenye kalipa au zitagonga?