Naomba ushauri: napata wapi Linux na masomo ya kuweka kompyuta za shule zisizo na intaneti?

MwlWaNg'ambo: Habari wakuu. Mi mwalimu sekondari huku Sengerema, tumepata kompyuta used 14, nimezivusha mwenyewe na kivuko cha Kigongo mwezi jana. Zina Windows 10 ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, nataka niweke Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na programu huria zingine za form two, intaneti hakuna. Naombeni haraka, mwisho Jumatatu.

fundi_makoroboi: RAM (memori ya mashine) ngapi?

DadaKayenze: Shusha Kolibri ukiwa mjini, ina video na maswali, unaiweka laptop moja zingine zinaifungua kwa brauza bila bando. Kiwix nayo inakupa Wikipedia ofulaini, hata ya Kiswahili ipo. Kuandika na mahesabu ni LibreOffice.

MzeeWaIgogo: Mnaona mapya haya. 2004 Chuo Kikuu cha Dar walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika na mahesabu, menyu Kiswahili kitupu, nikaiweka steshenari kwangu basi kila mteja akiona "Hariri" ananiita nimtafsirie, nikarudisha Kiingereza.

Kishoka: Jumatatu kuna nini mwalimu? Hiyo haraka si bure

MwlWaNg'ambo: Sawa. Bodi ilitoa laki 9 ya leseni za Windows, nikapokea mimi. Ipo kwenye dagaa. Sijaiba, mbalamwezi ikiisha mitumbwi inaingia ziwani hela inarudi yote. Na Linux haisumbuliwi na virusi kihivyo, mashine moja nimeshaipa sura ya Windows, hamna atakayejua.

Mama_Wawili: Mzazi kauza mbuzi atoe mchango, wewe unanunulia dagaa. Mungu anakuona.

Kishoka: Kitu cha bure kakiuza laki 9 😂😂 huyu awe waziri

NyakatoBoy: Chai hii wakuu. Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025, mwezi jana kapanda kivuko kipi Kigongo?

MzeeWaIgogo: Eeh kweli aisee

MwlWaNg'ambo: Nimekosea kuandika, ni Kamanga. Boksi moja lililowa mpaka leo lina alama ya maji na harufu ya sangara, nije na risiti?

NyakatoBoy: Njoo nayo

fundi_makoroboi: Mwalimu RAM ngapi??

MwlWaNg'ambo: GB 1 zote. Mbili hazina hadi diski. Hiyo niliyoweka Linux Mint inawaka dakika sita.

fundi_makoroboi: Mint inataka 2 kwa uchache. Chomoa RAM za hizo mbili mbovu uongezee zingine mbili, zilizobaki weka antiX, Linux nyepesi. Ile laki 9 ingenunua RAM za zote.