Mdogo wangu yuko gerezani: achague darasa au karakana?

DadaMkubwa:
Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu amebakiza mwaka na miezi minane kumaliza kifungo. Nilipokwenda kumwona Jumamosi aliniambia gerezani kwao kuna darasa la kisomo na kuna karakana ya useremala, ila vyote viwili ni asubuhi, huwezi kushika vyote. Roho yake iko kwenye useremala. Mimi najua siri yake: hajui kusoma. Barua zake huandikiwa na mwenzake wa selo. Nilimuuliza, akainama chini. Nimshauri nini? Na hii elimu ya jela inamsaidia mtu kweli akitoka?

Mpitanjia:
Pole dada. Ila na sisi tuliovunjiwa nyumba tukaachwa na majeraha, nani anatulipia ada? Nauliza kwa uchungu, si kwa ubaya.

Randa:
Dada, aanze na darasa. Nakwambia mimi niliyekaa ndani miaka 7 na nikakimbilia karakana kwa sababu hiyo hiyo ya mdogo wako: kule hakuna anayekuuliza hii ni herufi gani. Watu wanadhani tunakwepa shule kwa uvivu. Ni aibu, dada. Mtu mzima na ndevu zake anakaa mbele ya a, e, i, na kijana wa miaka 19 anacheka nyuma yake.

Aliyeniokoa ni fundi wetu, mfungwa wa maisha. Aliona kila nikiletewa karatasi ya vipimo nasingizia macho. Hakunitangaza. Akaanza kuniandikia neno moja juu ya ubao kwa penseli ya seremala: kimo. Nikilisoma sawasawa ndipo naruhusiwa kupitisha randa, na herufi zinaondoka pamoja na maranda. Kesho yake, upana. Keshokutwa, kina. Kimo na kina vilinitesa wiki nzima, maana vyote vinaanza na ki. Siku moja nikakata milango ya kabati kwa kipimo cha kina badala ya kimo, mbao zote hasara. Tangu siku ile sijavichanganya.

Nilipotoka, useremala nilikuwa nao mkononi. Lakini mtu wa kwanza kunipa kazi hakuuliza kama najua kuranda. Alinipa fomu, akakaa ananitazama. Niliijaza mwenyewe, polepole.

Kwa hiyo miezi minane ya kwanza asome, kisha aombe kuhamia karakana. Mwaka unaobaki unatosha kupata msingi. Na wewe usimwandikie barua ndefu. Mistari mitatu, herufi kubwa, aisome mwenyewe. Mwombe chini ya barua anazoandikiwa aongeze jina lake kwa mkono wake. Halafu muulize ofisa wa elimu cheti kinatolewa na nani. Changu cha kwanza kilikuwa na jina la gereza juu kabisa, nimekificha mpaka leo. Cha mtihani wa taifa ndicho ninachotembea nacho.

MwalimuWaJioni:
Nafundisha wafungwa kwa kujitolea, mwaka wa sita huu. Dada, usiende kuomba kana kwamba ni fadhila. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema katika Kanuni ya 104 kwamba elimu kwa wafungwa wasiojua kusoma ni ya lazima, na kadiri inavyowezekana iendane na mfumo wa elimu wa nchi ili mtu akitoka aendelee bila kikwazo. Kanuni ya 64 inataka kila gereza liwe na maktaba. Brazil wamekwenda mbele zaidi: mfungwa akisoma kitabu na maelezo aliyoyaandika yakakubaliwa, anapunguziwa siku 4 za kifungo, hadi vitabu 12 kwa mwaka.

Ndugu Mpitanjia, uchungu wako ni wa haki. Kinachonipeleka kule ni hicho hicho, sitaki mwingine avunjiwe. Mwaka 2013 shirika la utafiti la RAND lilipitia tafiti za Marekani za zaidi ya miaka 30 na kukuta kiwango cha kurudi gerezani kwa waliosoma kilikuwa chini kwa pointi 13 za asilimia kuliko cha wasiosoma. Kila dola 1 ya masomo iliokoa dola 4 hadi 5 za kuwafunga tena ndani ya miaka 3 ya kwanza. Kwamba walioumizwa husahauliwa, hapo niko nawe kabisa.

DadaMkubwa:
Asanteni sana. Randa, umenitoa machozi. Jumamosi naenda na barua ya mistari mitatu. Penseli wanaruhusu?

Randa:
Kila lango na utaratibu wake, uliza kwanza. Kichongeo usibebe kabisa, kina wembe, utapoteza zamu yako ya kumwona. Ikiwezekana mkabidhi ofisa wa darasa. Na ukipata ile bapa ya useremala chukua hiyo. Ni nene, vidole visivyozoea kuandika vinaishika vizuri.