Kanzu zinaungua kwenye dijitali, kwenye filamu hazikuungua. Nifanyeje?

Rolu36, Tororo

Wapiga picha wenzangu, salaam. Nina miaka 64, niko Tororo, na kazi hii niliianza enzi ambazo mtu akitaka picha ya pasipoti anakaa kwenye benchi, nyuma yake nimetundika shuka la buluu, halafu anarudi wiki ijayo. Hapo ni kama rolu ya filamu imejaa. Isipojaa, anasubiri wenzake waje waimalize. Wateja walikuwa wakinikuta njiani wanauliza "Mzee, imefika ngapi?" hata kabla ya salamu.

Kamera yangu ni Nikon FM2, na lenzi zake mbili, 50mm na 105mm f/2.5. Iko na Yashica ya kutazamia kwa juu, ile ya picha 12 za mraba, lakini hiyo siku hizi inatoka Pasaka na Krismasi tu. FM2 ni chuma. Betri zake mbili ndogo ni za mita ya kupimia mwanga peke yake. Zikifa, shata inaendelea kupiga spidi zote hadi 1/4000. Mikanda ya rangi nilituma Kampala kwa basi ikasafishwe. Ya nyeusi na nyeupe nilisafisha mwenyewe kwa dawa ya D-76, na enlaja, mashine ya kukuzia picha kutoka negativu, niliifungia balbu ya gari na betri ya gari, maana umeme wetu mnaujua.

Sasa maabara niliyoitegemea imeacha kusafisha rangi. Rolu naletewa kutoka Nairobi kwa bei ambayo nikimtajia mteja anacheka, kisha anatoa simu yake. Kazi za pasipoti nazo zilipungua tangu uandikishaji wa vitambulisho vya taifa ulipoanza 2014, watu wakapigwa picha palepale mezani. Zimebaki sherehe. Binti yangu akaniazima Nikon D3400 yake na lenzi ya 18-55, akasema, "Baba, jaribu tu."

Nimejaribu kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa kina binti, saa saba mchana, jua limesimama utosini. Nyuso zimetoka vizuri sana, mpaka nikajisifu. Lakini kanzu! Kanzu zote ni shimo jeupe. Mikunjo hakuna, kola hakuna, ile nakshi ya damu ya mzee kifuani imepauka kama imefuliwa kwa jiki. Mjomba wa bwana harusi anaonekana kichwa na mikono tu.

Mwanga napima kama nilivyozoea: nakinga kiganja juani, nasoma mita, naongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, kwa sababu kiganja ni cheupe, halafu naongeza nyingine ya usalama. Filamu ya kasi (ISO) 200 sikuwahi kuiweka 200, naiweka 100 ipate mwanga zaidi. Kwa mtindo huo sikuwahi kuunguza kanzu ya mtu. Zilizonitaka adabu nyingine ni slaidi tu, zile filamu za kumulika ukutani, nilizompigia padre mmoja miaka ya themanini, lakini hizo zilikuwa kazi chache.

Kwa hiyo: kamera ni mbovu, au mkono wangu ndio hauifai? Na swali dogo: nimeifunga 105 yangu kwenye hiyo D3400, imeingia sawasawa, lakini mita imekufa. Kuna dawa?

PichaJinja

Mzee wangu, jibu umelitaja mwenyewe ukalipita: slaidi. Dijitali ichukulie kama zile slaidi za padre.

Filamu ya negativu ukiizidishia mwanga inakuwa nzito tu. Mikunjo ya kanzu imo ndani, na fundi wa maabara akiongeza mwanga wa kuprintia inatoka. Stopu mbili za ziada inavumilia bila kelele, hata zaidi. Inachoogopa ni njaa: kivuli kisipopata mwanga, negativu inabaki tupu, na hapo hata ulie hupati kitu. Ndiyo maana wazee mliongeza stopu ya usalama, na mlikuwa sahihi kabisa.

Sensa, ile sahani inayopokea mwanga mahali pa filamu, iko kinyume. Kila kitundu chake kina mwisho wa mwanga kinaoweza kupokea. Ukifika hapo kinaandika nyeupe na habari imekwisha, hakuna programu ya kuirudisha. Upande wa giza ndio wenye uvumilivu. Ukipiga kwa RAW, faili ghafi la kamera, uso uliozama stopu moja au mbili unauinua kwenye kompyuta na ngozi inarudi na rangi yake. Kwa JPEG uhuru huo ni mdogo, kamera imeshaamua mengi kwa niaba yako.

Kwa hiyo kiganja endelea nacho, stopu moja ya kiganja iache, ile ya usalama itupe. Na palipo na kanzu juani punguza tena kidogo, theluthi mbili za stopu hivi. Kisha washa ile alama ya kumeta: ukitazama picha nyuma ya kamera, palipoungua panawaka na kuzima. Kanzu ikimeta, rudia hapohapo, kabla wazee hawajakaa.

Usije ukamwachia mita ya kamera harusi zetu. Yeye kila kitu anakivuta kiwe kijivu cha katikati. Ukijaza fremu kwa kanzu anapunguza mwanga, nyuso zinazama. Ukijaza fremu kwa uso mweusi anaongeza, ngozi inatoka na majivu. Hili wewe umelipigania kabla sijazaliwa: Kodak walisambaza kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa Shirley, na maabara duniani kote zikapanga rangi ya ngozi kwa kumtazama yeye. Zile printi ulizokuwa unarudishiwa watu wakiwa rangi ya masizi, sehemu ya sababu ndiyo hiyo.

La mwisho, na hili halina filamu wala dijitali: saa saba usiwaache juani. Wasogeze kwenye kivuli cha mwembe, wageukie uwanjani palipo na mwanga, na kijana ashike shuka jeupe upande mmoja. Wakikataa kutoka kwenye hema kwa sababu MC anaongea, hapo washa flashi, ila spidi usipite 1/200, kwenye D3400 ndiyo mwisho wake.

MstaafuBombo

Mzee mwenzangu, kwani nani amekufukuza kwenye filamu? Mimi bado napiga HP5, filamu ya nyeusi na nyeupe, nasafisha jikoni mama akienda sokoni.

Niliwahi kwenda Uganda Museum mwaka 2019 kutazama maonyesho ya picha za enzi za Amin. Zile negativu, kama 70,000, zilikutwa kwenye kabati pale shirika la utangazaji UBC mwaka 2015. Wapiga picha wa Wizara ya Habari walizipiga wakaziweka, na zikakaa miaka arobaini bila mtu kuzihangaikia. Ukiinua moja dirishani unamwona waziri na tai yake. Mwaka 1975, hao wakiwa kazini na filamu zao, huko Marekani injinia wa Kodak aitwaye Steven Sasson alikuwa anaunda kamera ya kwanza ya dijitali. Picha moja iliandikwa kwenye kaseti kwa sekunde 23. Niambieni, kaseti hiyo leo ungeisomea wapi hapa Kampala? Binti zetu wana picha elfu kumi kwenye simu, simu ikianguka chooni ukoo mzima umezama.

PichaJinja

Afande, kweli tupu, lakini kumbukumbu za taifa hazilipi ada ya shule. Mzee ana wateja wa Jumamosi, na bibi harusi anataka picha Jumapili asubuhi avae nayo status.

MstaafuBombo

Na Jumatatu ameshaibadilisha. Haya, endeleeni.

Kadi_Mbili, Kampala

Nijibu la lenzi, maana kila mwezi mtu analeta 105 kama hiyo kaunta kwangu akidhani imeharibika. Haijaharibika. FM2 inajua umefungua tundu la kuingiza mwanga kiasi gani kwa kuguswa na pete ya lenzi, kuna kidole kidogo cha chuma kwenye mdomo wa kamera. D3400 wamekiondoa kidole hicho, na lenzi yako haina chipu ya kuongea na kamera, basi mita inanyamaza. Unaweza kupiga kwa M, unapanga kila kitu mwenyewe, ukikisia, na kwa mzee wa kiganja si taabu, lakini kwa nini ujitese.

Tafuta D7000, D7100 au D7200 iliyotumika. Hizo kidole kiko. Angalia sana usiuziwe D7500 kwa maneno ya "hii ndiyo mpya zaidi": mpya ndiyo, ila kidole wamekitoa, na sehemu ya kadi ya kuhifadhia picha ni moja. D7100 na D7200 zina sehemu mbili za kadi, na mimi mtu wa sherehe simshauri kamera ya kadi moja. Weka kadi ya pili iandike nakala. Hapo Afande naye atalala.

Ukiwa na pesa zaidi, D610 au D750 zina sensa ya ukubwa wa filamu yako, kwa hiyo 50 inabaki 50. Kwenye hizi za D7000 sensa ni ndogo, 50 yako itaona kama 75, na 105 kama 157. Kwa uso wa mtu ni tamu, kwa picha ya ukoo mzima utarudi nyuma mpaka utoke nje ya ua. Lenzi ya 18-55 utaihitaji tu.

Kabla hujalipa: piga anga tupu kwa tundu dogo la f/16, kuza picha utafute madoa. Madoa ya vumbi yanasafishika, mikwaruzo haisafishiki. Lenzi imulike na tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani, huo ni ukungu, na usiifungie begi moja na zako.

Na macho, mzee, hukuuliza lakini miaka 64 ninaijua. FM2 ina ule mduara wa katikati unaogawa sura vipande viwili mpaka vikutane. D7200 haina. Kwa lenzi ya kuzungusha kwa mkono utaamini kitone kidogo chini kushoto ndani ya kitundu cha kutazamia: kikitulia, umelenga. Pembeni ya kitundu kuna kigurudumu cha kurekebisha kwa macho yako. Vua miwani, kizungushe mpaka namba za ndani ziwe kali. Watu wengi wananunua lenzi mpya kumbe dawa ilikuwa kigurudumu hicho.

Rolu36, Tororo

Nimerudi. Asanteni, na wewe wa Jinja, hiyo ya slaidi ilinifanya nicheke peke yangu dukani. Padre yule alikuwa akinisisitizia kila mara, "linda weupe wa kanzu yangu", na mimi nikidhani ni majivuno ya kikasisi.

Jumamosi nilikuwa na ubatizo. Stopu ya usalama nimeiacha nyumbani, RAW nimewasha, alama ya kumeta nimewasha. Kanzu zimetoka na mikunjo yake, hata kalamu ya mjomba mfukoni inaonekana. Nyuso kwenye kile kioo cha nyuma zilikuwa nzito, nikaanza kutokwa jasho, lakini binti yangu akaziinua kwenye kompyuta na zikaja. Kitu kimoja sikukipenda: kila nikipiga, watu wanakimbilia kutazama nyuma ya kamera. Bibi mmoja alinifutisha picha tatu kwa sababu ya kidevu chake. Enzi ya rolu kidevu kilikuwa siri yangu na maabara. Sasa nikimaliza kupiga nazima kioo, naenda nayo kivulini kukagua peke yangu, ndipo narudi.

Nyingine ya kuwaambia wazee wenzangu: picha nilizomtumia mteja kwa WhatsApp zilifika zimekondeshwa, akaenda kuziprinti kubwa zikatoka na vipele, lawama kwangu. Binti akanionyesha kuzituma kama dokumenti, si kama picha. Hivyo zinafika nzima.

Afande, usikasirike. Kila sherehe nitaprinti angalau moja, na mteja asipoilipia nitaitundika dukani kwangu. Yashica siuzi. Enlaja kama unaitaka njoo na gari, ni nzito, na balbu ya gari nakuachia bure.

Kadi Mbili, nimepata D7200 kwa mtu, anga nimepiga, doa moja tu la vumbi. 105 imeingia na mita inapumua, lakini nikiweka A (nachagua tundu, kamera inachagua spidi) badala ya M namba ya tundu haiandiki ukweli: nafungua mwisho wa lenzi, kamera haisemi 2.5. Nimekosea wapi?

Kadi_Mbili, Kampala

Hujakosea, kamera haijaambiwa umefunga lenzi gani. Ingia kwenye menyu, ile yenye alama ya spana, shuka mpaka sehemu ya lenzi zisizo na CPU, yaani zisizo na ile chipu. Chagua namba 1, andika 105 na 2.5, hifadhi. Namba 2 andika 50 na tundu lake kubwa kabisa, limeandikwa kwenye pete ya mbele. Ukibadilisha lenzi lazima ubadilishe na namba, kamera haiwezi kugundua yenyewe. Kile kitufe cha mbele karibu na lenzi, chini ya vidole vyako vya mkono wa kulia, unaweza kukipa kazi hiyo usiwe unarudi menyu kila mara katikati ya kwanjula.